Lisbon kwa Miguu, Pamoja na Shangazi

Mara ya kwanza nilipofika Belém, kitongoji cha magharibi mwa Lisbon ambako karibu kila mtalii huishia, ilikuwa siku ya Jumatatu. Nilishuka kwenye treni asubuhi na mapema nikiwa na chupa ya maji, kofia na hamu ya kuliona kaburi la Vasco da Gama, nikakuta lango la monasteri ya Jerónimos, lilimo kaburi hilo, limefungwa na kundi la wageni wenzangu wakikisoma kibao kile kile mara mbili mbili, kana kwamba maandishi yangebadilika. Majumba mengi ya makumbusho ya mji huu hupumzika Jumatatu. Jambo hilo dogo, ambalo ningelijua kwa dakika moja kabla ya kutoka nyumbani, lilinila nusu siku katika safari ya siku tatu. Nilirudi mwaka uliofuata nikiwa na shangazi yangu, mwalimu mstaafu mwenye asili ya Kilwa na mwenye magoti yasiyopenda ngazi, na mengi ninayoyaandika hapa nimeyajua katika safari hiyo ya pili, kwa sababu anayetembea na mzee hulazimika kuuhesabu mji ngazi kwa ngazi.

Nianze na viza, maana ndiyo inayowakwamisha wengi. Ureno ni mojawapo ya nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, hivyo Mtanzania au Mkenya anahitaji viza ya Schengen, ambayo humruhusu kukaa siku zisizozidi 90 katika kila kipindi cha siku 180. Ada ya mtu mzima imekuwa euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida mwisho wake ni siku 15 kabla. Mimi nakushauri usikaribie kabisa mwisho huo. Unaomba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi, kwa hiyo anayekwenda Lisbon siku tano na Paris siku mbili ataomba kwa Ureno, au kwa ubalozi unaoiwakilisha Ureno mahali anapoishi. Pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, iwe na kurasa mbili tupu, na muda wake uvuke miezi mitatu baada ya siku ya kuondoka Ulaya. Bima ya safari isipungue kiwango cha euro 30,000. Kwa kuwa shangazi hana mwajiri, badala ya barua ya ruhusa ya kazini tulipeleka hati za pensheni, hati ya nyumba yake na taarifa za benki za miezi kadhaa. Kuna jirani aliyetushauri tuingize fedha nyingi kwenye akaunti wiki moja kabla ya kuomba, ushauri ambao husikika sana mitaani kwetu na ambao ni mbaya, kwani fedha iliyoingia ghafla huibua maswali mengi kuliko fedha kidogo inayoingia kila mwezi.

Kutoka kwetu wengi hupitia Dubai au Istanbul, wengine Amsterdam au Paris. Tofauti yake si bei ya tiketi tu. Ukipitia Amsterdam au Paris, ukaguzi wa uhamiaji unafanyika hapo hapo, kwa kuwa umeshaingia Schengen, na ndege ya kwenda Lisbon inahesabiwa kama ya ndani. Ndiyo maana saa moja na nusu kati ya ndege na ndege ni hatari. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kusajili alama za vidole na picha ya uso ya kila mgeni asiye raia wa Ulaya badala ya kugonga mhuri, na usajili huo wa mara ya kwanza huongeza foleni. Kwa mtu anayesafiri na mzee ningechagua mapumziko ya saa tatu au zaidi, hata kama bei inapanda kidogo.

Kuhusu majira, nenda Mei au Septemba ikiwezekana. Julai na Agosti ni jua kali na watu wengi. Novemba hadi Februari kuna mvua, na nyumba nyingi za zamani hazina mfumo wa kupasha joto, hivyo mtu wa pwani anaweza kuhisi baridi kali zaidi akiwa chumbani kuliko akiwa barabarani. Mwezi Juni jua huzama karibu saa tatu usiku, jambo lililomvuruga shangazi kabisa, kwani alikuwa akingoja giza ndipo aseme siku imekwisha. Wakati wa kiangazi saa zetu za Afrika Mashariki ziko mbele kwa saa mbili, na wakati wa baridi kwa saa tatu.

Uwanja wa ndege uko ndani ya mji, na treni ya chini ya ardhi, ambayo wenyewe huiita metro kama sisi, inaanzia pale pale kwa njia nyekundu. Inapita Alameda, ambako utabadili na kupanda njia ya kijani kama unakwenda katikati ya mji, kisha Saldanha na São Sebastião. Kwa msafiri mwenye mzigo au mwenye mzee napendekeza kulala upande huo wa Saldanha badala ya Alfama, mtaa wa kale wa vichochoro ulio kilimani, ingawa picha zote nzuri utakazoziona mtandaoni zimepigwa Alfama. Saldanha ni tambarare, barabara zake ni pana, na unafika hotelini bila kubadili treni. Katika safari yangu ya kwanza nililala kwenye chumba cha kupangisha ghorofa ya nne, katika jengo ambalo ngazi zake za mbao zilikuwa nyembamba kiasi cha kunilazimisha kulipandisha begi kichwani kama mchukuzi wa bandarini. Mwenye nyumba alikuwa ameandika “mandhari ya kupendeza” na akanyamaza kuhusu ngazi. Ukitafuta chumba, litafute neno “elevador”. Kama halimo, hakuna lifti. Ujue pia kwamba manispaa hutoza kodi ya euro 4 kwa kila mtu kwa kila usiku, kwa muda usiozidi siku saba, kwa wageni wa miaka 13 na kuendelea, na mara nyingi kodi hiyo hulipwa pale pale mapokezi.

Sasa nizungumzie milima, kwa sababu ndiyo Lisbon yenyewe. Wenyeji husema mji umejengwa juu ya vilima saba, na katikati ya vilima hivyo kuna bonde moja tambarare liitwalo Baixa, linaloshuka hadi mto Tejo. Ukitoka Baixa kwenda upande wowote isipokuwa mtoni au kule barabara kuu ya Avenida da Liberdade inakoelekea, utapanda. Njia za miguu zimetandikwa vipande vidogo vya mawe ya chokaa meupe, vikichanganywa na meusi kutengeneza mawimbi na maua, na mawe hayo yamesuguliwa na nyayo za watu hadi yanang'aa. Yakilowa, huteleza kama sakafu iliyomwagiwa sabuni. Shangazi alikuja na viatu vya ngozi vya kuendea harusini, vyenye soli laini; siku ya kwanza, kwenye mteremko wa kutoka kanisa kuu, alinishika mkono kwa nguvu hivi kwamba alama za kucha zilibaki hadi jioni. “Mwanangu,” akasema, “hapa ama tununue raba, ama unirudishe kwetu.” Tukanunua raba.

Kuna njia za kupanda bila kuumia ambazo vitabu vya watalii havizipi uzito unaostahili. Kituo cha metro cha Baixa-Chiado kina ngazi za umeme ndefu zinazoanzia bondeni na kukutoa juu Chiado, na unaweza kuzitumia hata kama husafiri kwa treni. Kwa upande wa ngome ya kale ya São Jorge, iliyo juu ya kilima, kwenye mtaa wa Rua dos Fanqueiros kuna jengo lenye lifti ya umma isiyolipiwa ambayo hukupandisha hatua ya kwanza ya kilima, kisha unavuka barabara na kutafuta lifti ya pili iliyo ndani ya jengo la maegesho. Asiyetaka hata hayo apande basi namba 737 kutoka Praça da Figueira, ambalo humfikisha karibu na lango la ngome. Ipo pia lifti maarufu ya chuma ya Santa Justa, iliyofunguliwa mwaka 1902, lakini foleni yake chini huwa ndefu. Watu wajanja hupanda Chiado kwa ngazi za umeme na kuifikia kileleni kwa miguu kupitia uwanja wa Carmo. Vigari vya reli vya kupanda mteremko vilikuwa navyo sehemu ya raha ya mji huu hadi tarehe 3 Septemba 2025, siku ambayo kigari cha Glória kiliacha njia na watu 16 wakapoteza maisha. Baada ya ajali hiyo na vingine vilisimamishwa, kwa hiyo usipange siku yako kwa kuvitegemea kabla hujaulizia.

Kadi ya usafiri inaitwa Navegante. Yenyewe ni nusu euro, kila mtu anatakiwa awe na yake, na unaweza kuijaza fedha zinazokatwa kidogo kidogo kwa mfumo wanaouita “zapping”, au kununua tiketi ya saa 24. Nauli ya kumlipa dereva kwa fedha taslimu ndani ya basi au tramu ni kubwa zaidi, na ukipanda mara nne kwa siku utaiona tofauti.

Tramu namba 28 inastahili maneno yake. Ni mabehewa madogo ya manjano ya mtindo wa miaka ya 1930, yenye viti vya mbao, yanayopita katika vichochoro vya Alfama kwa ukaribu kiasi kwamba mtu aliyesimama mlangoni kwake hulazimika kurudi ndani. Kila mgeni anataka kuipanda, na kila mwizi wa mifukoni anajua hivyo. Katika safari yangu ya kwanza niliipanda saa tano asubuhi pale Martim Moniz, tukiwa tumebanana kama kwenye daladala ya Mbagala jioni, nikahisi koti la mtu limeegemea mkono wangu huku jua likiwa kali. Kwa nini mtu avae koti mkononi siku ya joto kama ile? Nilipotazama chini, zipu ya mfuko wangu ilikuwa imeshafunguliwa nusu, na mwenye koti alishuka kituo kilichofuata bila kuniangalia usoni. Mtu aliyekulia kwenye daladala anadhani hana cha kufundishwa, na hapo ndipo anapoponzwa. Safari ya pili tulianzia upande mwingine wa njia, Campo de Ourique, kabla ya saa mbili asubuhi, tukapata viti, shangazi akakaa dirishani na mkoba mapajani, na tukalipa nauli ya kawaida kabisa kwa matembezi ambayo wengine huyalipia fedha nyingi kwa bajaji. Ndiyo, Lisbon imejaa bajaji, zilizopambwa maua na kuendeshwa na vijana wanaoeleza historia. Shangazi alipotajiwa bei ya saa moja alicheka hadi dereva naye akacheka.

Bonde la Baixa lina mitaa iliyonyooka kama mistari ya daftari, na sababu yake ni msiba. Asubuhi ya tarehe 1 Novemba 1755, Sikukuu ya Watakatifu Wote, watu wakiwa makanisani, tetemeko kubwa liliuangusha mji. Likafuatwa na mawimbi ya tsunami yaliyopanda kutoka mtoni, na moto uliowaka kwa siku kadhaa. Waziri wa mfalme, ambaye baadaye alipewa cheo cha Marquês de Pombal, aliamuru mji usifuate tena vichochoro vya kale, na nyumba mpya zikafumwa ndani ya kuta zake fremu za mbao zinazoweza kuyumba bila kuanguka. Mitaa ikapangiwa kazi za watu, na ndiyo maana hadi leo unapita Mtaa wa Dhahabu, Mtaa wa Fedha na Mtaa wa Washona Viatu. Ukitaka kuona tetemeko lenyewe lilivyoacha mambo, panda hadi Carmo. Kanisa la watawa wa pale halikuezekwa tena. Matao yake yamesimama wazi, na ndege huruka mahali palipokuwa na dari.

Uwanja mdogo ulio mbele ya magofu hayo una kivuli kizuri na benchi, na kwa msafiri kutoka Dar es Salaam una jambo jingine. Katika kambi ya askari iliyo pale, tarehe 25 Aprili 1974, Waziri Mkuu Marcelo Caetano alizingirwa na kusalimu amri katika mapinduzi ya maofisa vijana waliochoshwa na vita vya makoloni, ikiwemo vita ya Msumbiji, ambayo iliendeshwa na FRELIMO, chama kilichoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1962. Shangazi alikuwa bado kijana wakati ule na aliwakumbuka wakimbizi wa Msumbiji shuleni kwao. Tulikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga.

Alfama, upande wa pili wa bonde, ilinusurika zaidi na tetemeko, hivyo vichochoro vyake vingali na umbo la mji wa Waislamu waliotawala hapa hadi mwaka 1147, Afonso Henriques, mfalme wa kwanza wa Ureno, alipouteka. Jina lenyewe ni la Kiarabu, al-hamma, yaani chemchemi za maji ya moto, neno la ukoo mmoja na hamamu yetu. Kanuni yangu ya Alfama ni moja: panda kwa chombo, shuka kwa miguu. Anzia ngomeni au kwenye roshani ya Santa Luzia, ambako ukutani kuna picha ya vigae vya buluu inayoonyesha uwanja wa mfalme ulivyokuwa kabla ya tetemeko, kisha acha mteremko ukuongoze hadi mtoni. Hutapotea, kwa kuwa kila maji ya mvua ya mtaa huo huishia mahali pamoja. Usiku wa tarehe 12 Juni, mkesha wa Mtakatifu Antonio, mtaa mzima huchoma dagaa wakubwa wa sardini barabarani na kucheza hadi asubuhi. Ukiupenda usingizi, lala mbali.

Belém nenda Jumanne au siku nyingine yoyote isiyo Jumatatu, na uende mapema. Treni kutoka Cais do Sodré ni ya haraka na haina msongamano kama tramu namba 15, ambayo nayo inafika. Kuingia ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos ni bure. Kinacholipiwa ni ua wa ndani wenye matao, na watu wengi husimama kwenye foleni ya tiketi bila kujua kwamba walichotaka kukiona kiko mlango wa pembeni. Ukiingia kanisani, kaburi la Vasco da Gama liko kushoto chini ya roshani ya wanakwaya, na la mshairi Camões liko kulia. Da Gama amechongwa amelala, mikono imeunganishwa kama anayesali. Alifia Cochin, India, mwaka 1524, na mabaki yake yaliletwa hapa mwaka 1880. Mtu aliyesoma shuleni kwamba alifika Mombasa na Malindi Aprili 1498 husimama hapo akitazamia kuhisi jambo fulani. Mimi sikuhisi kitu zaidi ya ubaridi wa mawe. Mnara wa Belém ulio ufukweni ni mzuri zaidi kwa nje kuliko kwa ndani, na ngazi zake ni nyembamba mno kwa mwenye magoti mabovu. Mnara na monasteri vimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1983.

Kama una nusu siku moja tu ya makumbusho, na wewe ni mtu wa pwani yetu, usiitumie Belém. Nenda Museu Nacional de Arte Antiga, kwenye mtaa wa Rua das Janelas Verdes, katikati ya njia ya kwenda Belém. Omba uelekezwe kwenye “Custódia de Belém”. Ni monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huonyeshea Ekaristi, chenye urefu unaozidi kidogo sentimita 70, cha dhahabu na rangi za kuchomea. Mitume 12 wamepiga magoti kukizunguka kioo cha katikati, kila mmoja na joho la rangi yake, na nyuso zao ni ndogo kama punje ya kunde lakini kila uso una mtu wake. Chini, kwenye kitako, kuna ndege, maua na konokono. Na kuna maandishi yanayokizunguka kitako hicho, kwa herufi za Kireno cha zamani, yanayosema kwamba mfalme Manuel aliamuru kifanywe kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa, na kwamba kilikamilika mwaka 1506.

Vasco da Gama alirudi pwani yetu mwaka 1502 akiwa na kundi la meli zenye mizinga, akamlazimisha mtawala wa Kilwa, Amiri Ibrahim, kutoa dhahabu kama ishara ya utii, akaifikisha Lisbon mwaka 1503. Miaka miwili baadaye, mwaka 1505, Francisco de Almeida aliuteka na kuupora mji wenyewe. Sonara Gil Vicente ndiye aliyeifua dhahabu hiyo. Nilikuwa nimeyasoma haya, lakini sikumwambia shangazi kitu. Nilimwacha akizunguke kioo mwenyewe. Akaniuliza pameandikwa nini pale chini. Nikamsomea polepole hadi nilipofika kwenye neno “Qvilva”. Akaliangalia neno hilo kwa muda, akainama, akaweka kidole juu ya kioo kufuata herufi, na mlinzi akaja kumwomba kwa upole arudi nyuma. “Kumbe ndiko ilikokwenda,” akasema, na akaniomba nimtafutie mahali pa kukaa. Mlinzi mwenyewe ndiye aliyemletea kiti.

Jioni hiyo tulipita Largo de São Domingos, karibu na uwanja wa Rossio, ambako Waafrika wa Lisbon, hasa watu wa Guinea-Bissau, hukutana na kupiga gumzo, na kina mama huuza kola na viungo kwenye vikapu. Kanisa la hapo liliungua mwaka 1959 na kuta zake zimeachwa na makovu ya moto. Nje kuna kumbukumbu ya Wayahudi waliouawa katika mji huu Aprili 1506, mwaka ule ule monstransi ilipokamilika. Anayetaka kuendelea na upande huu wa historia autafute mtaa wa Rua do Poço dos Negros, Mtaa wa Kisima cha Watu Weusi, ambao jina lake linatokana na shimo ambalo mfalme Manuel aliamuru lichimbwe mwaka 1515 kwa ajili ya kutupia maiti za watumwa. Leo ni mtaa wa mikahawa ya kisasa, na ni rahisi kuupita bila kujua.

Chakula hakitakusumbua ukizijua kanuni mbili tatu. Ukikaa mezani, mhudumu huleta mkate, zeituni na jibini bila kuulizwa. Si zawadi, ukila utalipia, na ukikataa atavichukua bila kinyongo. Mchana, kati ya saa sita na nusu na saa tisa, uliza “prato do dia”, chakula cha siku, ambacho huwa kingi na bei yake ni nafuu. Usiku wenyeji hawali kabla ya saa mbili. Kwa Mwislamu, maneno ya kukariri ni “porco”, “presunto” na “chouriço”, ambayo yote ni nguruwe, na “banha”, yaani mafuta yake, ambayo huingia hata kwenye baadhi ya vitu vitamu. Supu ya kijani iitwayo caldo verde inaonekana ya mboga tu, kumbe kwa desturi hutiwa kipande cha chouriço, na shangazi aliiepuka kwa sababu tuliuliza. Samaki ndiye mkombozi: sardini, ngisi, na chewa mkavu wa chumvi waitwaye bacalhau. Chakula cha halali utakipata kwa wingi maeneo ya Martim Moniz na mtaa wa Benformoso, kwa Wabangladeshi na Wapakistani, na Msikiti Mkuu, uliofunguliwa mwaka 1985, uko karibu na Praça de Espanha. Maji ya bomba ni salama kunywa.

Lugha yao itakuchekesha. Utasoma “igreja” kwenye kila kibao cha kanisa na utakumbuka gereza. Utaomba “mesa” na utapewa meza. Bendera yao ni “bandeira” na leso ni “lenço”. Mwanamume hushukuru kwa kusema “obrigado”, mwanamke “obrigada”, na salamu huja kabla ya swali, kama kwetu. Vijana wengi wanajua Kiingereza. Usiwasemeshe Kihispania ukidhani unawarahisishia.

Toa fedha kwenye mashine zenye nembo ya Multibanco zilizo ukutani mwa benki, na mashine ikikuuliza kama ukatwe kwa shilingi au kwa euro, chagua euro, maana kiwango cha kubadilishia cha mashine siku zote hukuumiza. Beba adapta, kwa sababu plagi zetu za miguu mitatu haziingii kwenye soketi zao. Pale Baixa wanaume watakunong'oneza wakikuuzia “hashishi”, ambayo mara nyingi ni majani ya kawaida yaliyokandamizwa. Usijibu, endelea na safari. Namba ya dharura ni 112.

Siku ya kuondoka, kumbuka kwamba metro huanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ndege yetu ilikuwa ya mapema kuliko hapo, hivyo usiku tuliomba mapokezi watuitie teksi, na saa kumi kamili ilikuwa mlangoni, mita yake ikiwashwa mbele ya macho yetu. Shangazi alikaa nyuma na boksi la vitumbua vya maziwa, pastéis de nata sita, alivyosema ni vya wajukuu. Tulipofika kwenye dawati la kukagua tiketi vilikuwa vimebaki vinne.